Kumchagulia Kijana Timu ya Besiboli ya Kiangazi Kabla ya Chuo: Mwongozo kwa Wazazi Walioko Marekani

Mzazi aliyekulia Tabora, Mombasa au Bukavu, na ambaye sasa analea watoto Ohio, Texas au Minnesota, kwa kawaida hukutana na besiboli akiwa mtu mzima, tena kupitia kwa mwanawe. Kanuni za uwanjani atajifunza taratibu akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya uzio. Kinachomtatiza ni upande mwingine wa mchezo huu, upande wa ada, safari na ahadi, ambao mara nyingi huujua akiwa ameshalipa. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo, na ninaandika ili mwenzangu asiipite gizani.

Kwanza ieleweke kwa nini timu ya kiangazi ina uzito kiasi hiki. Ligi za shule za sekondari huchezwa majira ya machipuko karibu katika majimbo yote, isipokuwa Iowa, ambako shule hucheza kiangazi. Miezi hiyo hiyo makocha wa vyuo nao wako na timu zao, kwa kuwa msimu wa vyuo vya Daraja la Kwanza la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, huanza katikati ya Februari na kumalizika Mei, kisha hufuata mchujo unaoishia Omaha, Nebraska, mwezi Juni. Kocha wa chuo hana nafasi ya kutosha kuzunguka kwenye viwanja vya shule. Anapata nafasi kiangazi, na hapo huenda kwenye mashindano makubwa ambako anaweza kuwatazama vijana wengi kwa siku moja bila kuhama eneo moja la viwanja.

Kwa hiyo timu inayofaa ni ile itakayompa kijana wako muda wa kucheza mbele ya makocha wa vyuo vinavyoweza kumchukua. Jina lililoandikwa kifuani mwa jezi huja baadaye sana, na hatua zote zilizomo humu zinatokana na hoja hiyo.

Hatua ya kwanza: Jueni vyuo mnavyovilenga

Wazazi wengi wakisikia "kucheza chuo" huwaza vyuo vikubwa vinavyoonekana kwenye televisheni. Hivyo ni sehemu ndogo tu ya mfumo. NCAA ina madaraja matatu. Kando yake kuna NAIA, chama cha vyuo ambavyo vingi ni vidogo, na kuna NJCAA, inayosimamia vyuo vya miaka 2. Tofauti zao katika ufadhili wa masomo ni kubwa, na mzazi anayezijua hawezi kuyumbishwa kirahisi.

Daraja la Kwanza limebadilika sana hivi karibuni. Kwa miaka mingi timu ya besiboli iliruhusiwa kutoa ufadhili unaolingana na nafasi kamili 11.7 tu (nafasi kamili ni ufadhili wa gharama zote za mwanafunzi mmoja), na nafasi hizo ziligawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, na kuanzia msimu wa 2025–26 vyuo vilivyoingia katika makubaliano hayo vinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 34. Kikosi kikibanwa, kocha huanza kuwa mwangalifu na kila nafasi, na kwa kuwa siku hizi wachezaji wa vyuo wanahama chuo hadi chuo kwa urahisi, makocha wengi hupendelea kumchukua kijana wa miaka 21 aliyekwisha kucheza chuoni kuliko kumngojea wa miaka 18 akomae. Ndiyo maana vijana wazuri ambao zamani wangeingia Daraja la Kwanza moja kwa moja kutoka sekondari sasa wanaanzia kwingineko.

Daraja la Pili huruhusiwa ufadhili unaolingana na nafasi kamili 9 kwa kila timu, na NAIA nafasi 12. Vyuo vya miaka 2 vya daraja la juu la NJCAA vinaweza kutoa hadi nafasi 24, na kijana anaweza kucheza huko, akakua kimwili, kisha akahamia chuo cha miaka 4. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo hata senti moja. Hata hivyo lina vyuo vinavyoheshimika sana kitaaluma, na misaada yao inayotokana na alama za darasani na hali ya kipato cha familia inaweza kupunguza karo kuliko ufadhili mdogo wa michezo mahali pengine. Familia yenye kipato cha kawaida na mtoto anayesoma vizuri isilipite daraja hili bila kulitazama. Kila chuo kina kikokotoo mtandaoni cha kukadiria gharama halisi baada ya msaada. Kaeni jioni moja mkijaze kwa vyuo vitano au sita kabla hamjamlipa mtu yeyote ada ya besiboli.

Shule nayo ina masharti yake. Ili kucheza Daraja la Kwanza, mwanafunzi anatakiwa awe amemaliza kozi 16 za msingi zinazotambuliwa na NCAA, 10 kati ya hizo kabla ya kuanza darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na awe na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0 katika kozi hizo. Kwa Daraja la Pili wastani ni 2.2. Muulize mshauri wa masomo shuleni ni kozi zipi zinahesabika, kwa sababu si kila somo linaloonekana kwenye ripoti huhesabika. Kijana aliyehamia Marekani akiwa darasa la 9 au la 10 achukue tahadhari zaidi, kwani masomo ya nchi alikotoka hukaguliwa kivyake na nyaraka zake huchukua muda kupatikana.

Hatua ya pili: Mpimeni kwa ukweli

Besiboli ni mchezo wa vipimo, na vipimo havimjali baba wala mama wa mtu. Kasi ya mbio hupimwa kwa yadi 60, yaani takriban mita 55. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, hupimwa kasi ya mpira kwa rada. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, hupimwa sekunde zinazopita tangu mpira utue kwenye glavu yake hadi ufike kwenye glavu ya mwenzake wa kituo cha pili. Mpigaji hupimwa kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo.

Kwa kukadiria tu, mrushaji wa mkono wa kulia anayefuatiliwa na vyuo vikubwa kwa kawaida hurusha maili 88 kwa saa au zaidi, ingawa wa mkono wa kushoto huvumiliwa akiwa chini kidogo. Mdakaji wa kiwango hicho hukaribia sekunde 2.0. Mchezaji wa eneo la nje hukimbia yadi 60 chini ya sekunde 7. Kijana asiyefikia namba hizo akiwa na miaka 15 hana sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa miili hukomaa kwa nyakati tofauti. Lakini akiwa na miaka 17 na bado yuko mbali nazo, kumpeleka kwenye mashindano yanayotazamwa na vyuo vikubwa pekee ni kupoteza fedha na kumuumiza moyo.

Tafuteni mtu asiye na maslahi awape tathmini. Kocha wa timu ya shule anafaa, hasa yule ambaye timu za kiangazi hazimlipi chochote. Muulizeni, kijana mwenyewe akiwepo: "Kocha, ukimwangalia leo, unamwona akicheza daraja gani, na anakosa nini ili apande?" Jibu hilo liandikwe. Mwanangu alipoulizwa nyumbani ataje vyuo anavyovitaka alitaja vinne vya televisheni, na kocha wake wa shule, kwa upole wa mtu anayempenda, akamwongezea vinane ambavyo hatukuwahi kuvisikia. Kati ya hivyo vinane ndimo zilimotoka simu za kwanza.

Hatua ya tatu: Pangeni kwa kufuata kalenda ya usajili

Chini ya kanuni za NCAA, kocha wa besiboli wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kufanya mazungumzo ya usajili na mwanafunzi kabla ya Agosti 1 ya mwaka anaoanza darasa la 11. Kwa Daraja la Pili tarehe ni Juni 15 baada ya darasa la 10. Kabla ya hapo kocha anaweza kumtazama uwanjani, lakini hawezi kumpigia simu, kumwandikia kuhusu usajili wala kumpa ahadi.

Tarehe hizo zinapaswa kuongoza matumizi yenu. Baada ya darasa la 9, kijana anahitaji kucheza sana na kufundishwa sana. Timu ya karibu na nyumbani yenye mwalimu mzuri inamtosha, na anayewaambia kwamba mtoto wa miaka 14 lazima apelekwe majimbo matano "ili aonekane" anawauzia mbuzi kwenye gunia. Baada ya darasa la 10, yaani kiangazi kinachoishia kwenye ile Agosti 1, kutazamwa huanza kuwa na faida. Kiangazi cha baada ya darasa la 11 ndicho kizito kuliko vyote kwa vijana walio wengi, hasa wanaolenga Daraja la Pili, la Tatu na NAIA, kwa sababu vyuo hivyo huendelea kusajili mpaka mwaka wa mwisho wa sekondari. Fedha ikiwa haba, wekeni akiba kwa ajili ya kiangazi hicho.

Timu nyingi huunda vikosi vya mwaka unaofuata kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mzazi anayeanza kutafuta Machi hukuta nafasi zilizobaki ni zile ambazo wengine wamezikataa.

Hatua ya nne: Tambueni aina za timu

Ya kwanza kuizingatia, na ambayo familia zetu huisikia mwisho, ni American Legion. Mpango huu ulianzishwa mwaka 1925 huko Milbank, South Dakota, chini ya chama cha maveterani wa jeshi. Kijana hucheza na vijana wa eneo lake, safari ni fupi, na kwa kuwa timu nyingi hudhaminiwa na tawi la chama hicho, gharama huwa ndogo. Katika majimbo kama Minnesota na Dakota mbili ligi hii bado ina nguvu. Kinachopungua ni macho ya vyuo, kwa kuwa makocha wengi wamehamia kwenye mashindano ya kulipia. Kuna vijana wanaocheza Legion msimu mzima kisha wakahudhuria kambi mbili au tatu za vyuo wanavyovitaka, na kwa familia nyingi nauona huo kuwa mpango wa busara.

Ya pili ni klabu ya eneo, inayofanya mazoezi katikati ya wiki na kusafiri ndani ya jimbo na majimbo jirani. Ya tatu ni klabu kubwa inayokusanya vijana kutoka majimbo mbalimbali, aghalabu bila mazoezi ya pamoja, ikakutana kwenye mashindano tu. Hizo hucheza Emerson, Georgia, kwenye viwanja vya LakePoint ambako kampuni ya Perfect Game huendesha mashindano yake makubwa ya kiangazi, au Westfield, Indiana, kwenye viwanja vya Grand Park, na Oktoba baadhi yao huenda Jupiter, Florida.

Mzazi ajue kwamba klabu moja inaweza kuwa na timu nne au tano za umri mmoja, zote zikivaa jezi zinazofanana. Timu ya kwanza huwekwa kwenye uwanja mkuu saa za jioni. Ya tatu na ya nne huenda ikacheza saa 2 asubuhi kwenye viwanja vya pembezoni. Nilishuhudia hilo Georgia katika siku moja. Asubuhi mwanangu alicheza tukiwa wazazi 20 hivi na mbwa mmoja, bila kocha hata mmoja wa chuo. Jioni tulikwenda kutazama timu ya kwanza ya klabu ile ile, na nyuma ya wavu palikuwa na safu mbili za wanaume wenye fulana za kola zenye nembo za vyuo, kila mmoja na rada mkononi. Mrushaji aliponyanyua mguu, mikono yote ile ilipanda kwa pamoja, kisha ikashuka na kalamu zikaanza kuandika. Ada ya timu zote mbili ilikuwa sawa.

Hatua ya tano: Mhojini kocha kabla ya kulipa

Hapa ndipo wazazi wengi tunalegea. Tumelelewa kumheshimu mwalimu, na kumuuliza maswali mengi mtu anayemkubali mwanao huonekana kama utovu wa adabu. Marekani kocha wa klabu ni mtoa huduma anayelipwa, naye amezoea kuulizwa. Anayekasirikia swali la kistaarabu amekwisha kujibu.

Anzeni na kikosi: "Timu hii itakuwa na wachezaji wangapi, na warushaji wangapi?" Wachezaji 9 huwa uwanjani kwa wakati mmoja. Kwa mashindano ya siku nne au tano kikosi cha 16 hadi 20, wakiwemo warushaji wa kutosha, kinaeleweka. Kikizidi hapo, ujue kuna watakaosugua benchi. Kiangazi cha kwanza cha mwanangu tuliahidiwa kikosi cha watu 18 na klabu moja ambayo sitaitaja. Tulipofika kwenye mashindano ya kwanza niliwahesabu 25 wakijipasha moto, na baadhi yao hata kocha msaidizi hakuyajua majina yao. Mwanangu alirusha iningi 4 (iningi ni kipindi cha mchezo ambamo kila timu hupata zamu ya kupiga) katika wikendi tatu, moja kati ya iningi hizo mchezo ukiwa umeshaamuliwa na uwanja umebaki mtupu. Tulikuwa tumelipa ada yote, na makaratasi tuliyosaini hayakutaja idadi ya wachezaji mahali popote. Tangu siku hiyo swali hili naliuliza kwa maandishi, kwa barua pepe, na ninangoja jibu la maandishi.

Kisha ulizeni: "Ni nani atakayeiongoza timu hii hasa uwanjani?" Mara nyingi mwanzilishi aliyewahi kucheza ligi kuu ndiye anayefanya mazungumzo, ilhali atakayekaa na mwanao Juni na Julai ni kijana wa miaka 23 aliyeajiriwa kwa msimu. Huenda kijana huyo akawa mwalimu bora kuliko mkubwa wake, lakini ni haki yenu kukutana naye kabla.

Swali la tatu linahusu vyuo. Karibu kila klabu ina ukurasa wenye picha za vijana walioingia vyuoni. Ombeni orodha ya kikosi kizima cha timu ya umri huo cha mwaka juzi, siyo ya waliofanikiwa peke yao, na muulize kila mmoja alikwenda wapi. Ulizeni pia nani kati yao alicheza msimu mzima na nani aliazimwa kwa wikendi moja, kwa sababu kuna klabu zinazomwalika nyota ambaye tayari ana chuo, akavaa jezi yao siku nne, kisha picha yake ikabaki ukutani miaka yote. Mkiona waliodumu na timu wengi wao wanakwenda Daraja la Tatu na vyuo vya miaka 2 vya jimbo lenu, na huko ndiko mwanao anakolenga, basi hiyo ndiyo timu yenu, hata kama haina nyota hata mmoja wa televisheni.

La nne: "Je, utawapigia simu makocha wa vyuo kwa ajili yake, na utawaambia nini?" Kocha wa chuo humwamini kocha wa klabu ambaye hajawahi kumdanganya. Yule anayesema kwamba kila kijana wake anafaa Daraja la Kwanza, simu zake hupuuzwa. Kwa hiyo msikilizeni anavyomweleza mwanenu. Akisifu bila kutaja kasoro hata moja, mashaka yenu yaanzie hapo.

Maswali haya mengine yaulizwe na kijana mwenyewe: atacheza nafasi gani, nani mwingine anacheza nafasi hiyo, na akikosea atapewa nafasi tena lini. Vyuo vitazungumza naye, havitazungumza na mzazi, na hapa ni mahali pazuri pa kujizoeza. Hatimaye watafuteni wazazi wawili ambao watoto wao waliondoka kwenye timu hiyo. Walioondoka husema yale ambayo waliobaki huyaficha.

Hatua ya sita: Pigeni hesabu ya gharama yote

Ada ya klabu ni mwanzo tu wa gharama. Inaweza kuwa mamia machache ya dola kwa timu ya mtaani, au maelfu kadhaa kwa klabu kubwa. Juu yake kuna hoteli, mafuta au tiketi za ndege, chakula, viingilio vya wazazi getini, na vifaa. Hesabu rahisi: mashindano matano ya usiku nne kila moja ni usiku 20, na hoteli ikiwa dola 150, ni dola 3,000 kabla ya kula. Mashindano mengi huzilazimisha timu kulala kwenye hoteli zilizoteuliwa na waandaaji, kwa hiyo ule mpango wetu wa kufikia kwa shangazi au kwa binamu anayeishi mji huo huenda usikubaliwe. Ulizeni kabla.

Pigeni pia hesabu ya siku za kazi. Anayefanya kazi zamu za usiku hospitalini au kwenye ghala hawezi kuomba Alhamisi hadi Jumapili mara tano katika miezi miwili. Baadhi ya timu hupanga vijana wasafiri na familia nyingine. Mkikubali, mjue ni familia ipi, nani anaendesha gari, na kijana atalala chumba kimoja na nani.

Ulizeni waziwazi kuhusu punguzo. Klabu nyingi zina nafasi za nusu ada au za bure kwa wenye uhitaji, lakini hazizitangazi. Na makaratasi ya kusaini yasomwe mpaka mwisho, hasa kipengele cha kurudishiwa fedha kijana akiumia au timu ikivunjika. Msipoelewa Kiingereza cha mkataba, mpelekeeni anayekielewa kabla ya kusaini.

Hatua ya saba: Lindeni mkono wake

Ikiwa mwanao ni mrushaji, sehemu hii isome mara mbili. Kwenye kiwiko kuna kano iliyo upande wa ndani ambayo hubeba mzigo mkubwa wa mrusho wa kasi, nayo ikichakaa hukatika. Upasuaji wa kuijenga upya ulifanywa kwa mara ya kwanza na Daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, na hadi leo huitwa kwa jina la mgonjwa huyo. Kupona huchukua mwaka mmoja au zaidi. Watafiti waliowafuatilia warushaji vijana kwa miaka 10 waligundua kwamba waliorusha zaidi ya iningi 100 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 3.5 wa kuumia vibaya kuliko wenzao.

Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani na shirika la USA Baseball walitoa mwongozo wa Pitch Smart. Kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku. Wa miaka 17 au 18 asizidishe 105. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku 1. 46 hadi 60, siku 2. Akizidi 60, siku 3. Akifika 76 na kuendelea akiwa na miaka 15 au 16, au 81 na kuendelea akiwa na miaka 17 au 18, siku 4. Kwa mwaka mzima asipite iningi 100, timu zote zikijumlishwa, na awe na angalau miezi 4 isiyo na mirusho, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Anayerusha asifanywe pia mdakaji katika mchezo huo huo, kwa kuwa mdakaji naye hurudisha mpira kila mara.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejumlisha. Timu ya shule huhesabu yake, timu ya kiangazi huhesabu yake, waandaaji wa mashindano huhesabu wikendi yao tu. Anayebaki na hesabu kamili ni mzazi. Mimi hutumia daftari la kawaida la mistari: tarehe, idadi ya mirusho, na alichosema kuhusu mkono wake asubuhi iliyofuata. Mstari mmoja wa Juni iliyopita unasomeka: "Jumamosi, 71. Jumapili asubuhi: hawezi kuchana nywele bila kuinamisha kichwa." Kocha alimtaka arushe tena Jumapili mchana, fainali. Tulikataa, na kocha alikasirika siku nzima. Kabla ya kujiunga na timu yoyote, muulizeni kocha atafanya nini mkisema mkono umechoka, na mtazameni usoni anapojibu.

Hatua ya nane: Msimu ukianza

Timu haitamwandikia mtoto barua. Ratiba ikitoka, kijana mwenyewe awaandikie makocha wa vyuo 15 au 20 anavyovitaka, wiki moja kabla ya kila mashindano: jina, mwaka wa kumaliza shule, nafasi anayocheza, vipimo vyake, wastani wa darasani, namba ya jezi, uwanja na saa, pamoja na kiungo cha video fupi iliyopigwa kwa simu. Ujumbe uwe mfupi. Akiwa mrushaji ataje siku atakayorusha, kwa kuwa hakuna kocha atakayesafiri mwendo wa saa tatu kumwona mrushaji akiwa amekaa benchi. Siku hiyo ikibadilika, aandike tena.

Mialiko ya kambi za vyuo itaanza kumiminika kwenye barua pepe yake. Mingi hutumwa kwa maelfu ya vijana. Njia ya kutofautisha ni kuangalia kama kocha amemtaja kwa jambo aliloliona, au kama amejibu swali lake. Kambi ya chuo ambacho kocha wake amekwisha kumtazama ina thamani kuliko mashindano mawili zaidi.

Katikati ya Julai fungueni daftari mhesabu: amecheza iningi ngapi, mbele ya vyuo vingapi vilivyo kwenye orodha yake, na ni makocha wangapi wamemjibu. Asipochezeshwa, kijana azungumze na kocha kwanza, akiwa peke yake, amuulize afanye nini ili acheze. Mzazi aingie baadaye, kwa faragha, na asifanye hivyo mara tu baada ya mchezo. Mambo yasipobadilika, malizeni msimu kwa heshima, rudisheni jezi, na mshukuruni kocha kwa maneno machache, kwa sababu huenda kocha wa chuo akampigia simu huyo huyo Septemba kuuliza tabia ya mwanenu. Majaribio ya timu za mwaka unaofuata huanza Agosti. Orodha ya timu tatu mnazotaka kuzitembelea iwe tayari kabla Julai haijaisha.